Ikizimika Yenyewe, Usiiwashe

Marselina, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai hukupenda nizunguke. Ulikuwa unaniambia, "Bibi, sema tatizo, salamu baadaye." Haya. Tatizo ni wewe.

Anayeandika ni mama yako. Mimi nasema, Theresia anabonyeza kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Ameshaniambia kwamba barua ya marehemu haianzi hivi, inaanza na pumzika kwa amani. Nimemwambia aandike nilivyosema. Utapumzika nikimaliza.

Na unajua tunaandikia wapi? Kwenye mashine yako, ile kompyuta. Hiyo hiyo ya kwenye kona ya sebule, chini ya kalenda ya kanisa, ile uliyorudi nayo kutoka hotelini Karatu ulikofanya kazi, walipoitupa, ukaifufua hapa hapa mezani kwangu nikikushikia tochi. Ilikuwa imekufa tena. Kila mtu alisema imekufa. Nitafika huko, subiri.

Kwanza nikuulize. Watu wa Rhotia walipokuletea kompyuta zao zinazozimika zenyewe, uliwaambia nini? Nimekusikia mara nyingi mpaka ningeweza kuimba. "Ikizimika yenyewe, usiiwashe tena mpaka ujue kwa nini." Yule katibu wa kikundi cha akina mama ulimfokea kabisa. Alisema ilizimika, akaiwasha, ikazimika, akaiwasha. Ukamwambia, "Mama, hii mashine ilikuwa inakulilia wewe ukaipiga kofi." Akainamisha kichwa, mtu mzima yule.

Wewe ulizimika jikoni, Marselina. Siku ya kusaga mahindi. Nilisikia sufuria ikianguka, nikakuta umelala sakafuni na unga usoni. Ukaamka, ukajifuta, ukacheka. "Njaa tu, Bibi." Ukazimika mara ya pili kwenye shamba la maharage, mama yako akiwa hatua tatu kutoka kwako. Ukasema ni jua. Jua gani, la Rhotia? Hapa tunavaa sweta mpaka saa nne asubuhi! Mara ya tatu ulikuwa uani unaanika maharage kwenye turubai, na hukuwaka tena.

Daktari akasema moyo. Akasema ulikuwa umetanuka siku nyingi, na kwamba mtu akiwahi zipo dawa. Alisema kwa upole, mtoto wa watu, lakini nilitamani kumziba mdomo. Wewe uliyefungua kila mashine katika kata hii ukanusa, ukasikiliza, ukagusa, ulishindwa kupanda bodaboda mara moja ukasema nimeanguka, nipimeni. Nimekasirika kwa hilo na nitakufa nimekasirika.

Mama yako ameniomba tupumzike kidogo. Sawa. Amekunywa maji. Tunaendelea.

Mashine sasa. Siku ya msiba nyumba ilijaa. Wengine walitoka Kansay na jamaa wengine walitoka mbali zaidi, na wote walikaa sebuleni. Mimi nikavifunika vitu vyako, kama tulivyofanya kwa babu yako na kwa kila mtu wa nyumba hii aliyeondoka. Kiti chako nikakifunika kwa kanga. Kompyuta nikaifunika kwa blanketi langu la bluu, lile zito, nikaipitisha juu na pembeni na nyuma vizuri, nikaifunga kwa kamba isiteleze. Niliona mbele yake kuna kataa kadogo ka kijani kanawaka. Nikadhani ndivyo kanavyokaa. Nilifikiri nakuheshimu.

Siku ya tatu kataa hakakuwapo. 

Msiba ulipoisha tukaifunua. Baba yako, Boay wangu, akaiwasha, ikavuma kidogo, ikazimika. Akaiwasha tena, na mimi nilikuwepo, na sikumwambia asiiwashe. Ikazimika. Boay akasema, "Mama, tuachane nayo." Tangu ulipoondoka baba yako hawezi kupita ile kona. Anazungukia mlango wa nyuma kwenda chooni hata mvua ikinyesha. Alitaka mashine itoke ndani, aipate yeyote, ili kona iwe kona tu.

Nikasema haitoki.

Sasa sikiliza kwa nini, maana hili sijamwambia mtu zaidi ya mama yako, na yeye nimemwambia juzi tu. Unakumbuka ile orodha. Uliniuliza, "Bibi, ulizaa wangapi?" Nikasema wanne. Ukaniangalia, ukasema, "Sikuulizi walio hai." Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Babu yako alikufa hajaniuliza. Nikakwambia saba. Watatu walikwenda wachanga, kabla ya ubatizo, kwa hiyo kwenye kitabu cha parokia hawamo, na kwenye kaburi hakuna msalaba, kuna mawe tu, na mawe yenyewe trekta iliyapitia. Nikakutajia majina yao ukayaandika. Ukasema, "Sasa hata ukisahau, mashine haitasahau."

Nimesahau, Marselina.

Tluway ninaye. Amsi ninaye. Wa tatu alikuwa msichana, aliishi siku tisa, ninakumbuka uzito wake mkononi, ninakumbuka sikio lake moja lilivyokuwa limekunjika. Jina halipo. Limenitoka mwaka huu. Nimelitafuta nikikamua, nikipepeta, nikisali. Kumuuliza nani? Aliyelisikia ni babu yako, na wewe. Wote wawili wamelala makaburini, ubavu kwa ubavu.

Ndiyo sababu haikutoka.

Boay akakubali iende kwa fundi Karatu kwanza. Akaifunga nyuma ya bodaboda aliyopanda, na ile barabara unaijua. Mimi na mama yako tukafuata kwa bodaboda nyingine, tumebanana. Fundi ni kijana mwenye duka dogo, simu zimetandazwa kila mahali. "Shikamoo bibi," akasema akiwa anatafuna kitu. Akachomeka waya, akabonyeza. Feni ikazunguka, kioo cheusi, halafu mashine ikaanza kulia. Mlio mrefu, unanyamaza, mlio mrefu, unanyamaza. Hakufungua kava! Hakugusa bisibisi. Akasema, "Bibi yangu, mazabodi imekata moto." Nikamkodolea macho. Akadhani sijaelewa, akanifafanulia taratibu, kwa sauti ya kumlisha mtoto: "Yaani, mama wa mashine amekufa. Iacheni hapa, nitaitumia kama spea."

Mama yako alikuwa amesimama pale pale na nguo nyeusi.

Nikamwambia, "Kijana, hapa mama hajafa. Hapa amekufa mtoto."

Akaacha kutafuna. Nikamuuliza, "Umenusa?" Akasema, "Nini?" Nikamuuliza, "Umeangalia vile vikopo vidogo vya umeme kama vimevimba vichwani?" Akamtazama Boay kana kwamba Boay ndiye ananishikia kamba. Nikamuuliza la mwisho: "Haya, mama amekufa. Na kihenge? Kihenge nacho kimeungua?" Maana wewe ndiye uliyenifundisha. Ram ni meza ya jikoni, unakatia mboga za sasa hivi, ukimaliza unaifuta. Ile hadi diski inayotunza maandishi ni kihenge, nafaka inakaa hata jiko likizimika. Yule kijana angeniambia tu, bibi, vitu vyenu viko salama kwenye diski, ningembusu. Hakusema. Alitaka spea.

"Boay," nikasema, "beba mashine."

 Tulipofika nyumbani akaiweka mezani, akasema, "Mama, wewe hujui hata kusoma." Nikamjibu, "Na mashine haikuandika hapo ilipoumia. Inalia. Kulia ninajua."

Kesho yake, baada ya kukamua na kupeleka maziwa, nikamwambia Theresia aniletee bisibisi yako ya nyota, na tochi, na unyoya mrefu wa jogoo, na ufutio wa penseli. Akauliza, "Mama, una hakika?" Nikasema sina. Nikavua sweta. Unakumbuka mara ya kwanza ulivyoniambia, "Bibi, vua hilo sweta"? Nilikufokea! Nilidhani umenivunjia heshima, kumvua nguo mtu mzima sebuleni. Kumbe sufu inabeba umeme, unaruka kwenye kidole unaunguza kitu kisichoonekana. Basi nikavua, nikakaa na baridi, nikachomoa waya ukutani, nikashika chuma kwanza umeme wa mwilini unitoke, kama ulivyotaka.

Zamani nilikuwa nikishika tochi tu. Ulinichagua kwa sababu mkono wangu hautetemeki, ulisema, mkono wa kukamua. Hukujua nilikuwa nasikiliza. Ulikuwa unaongea peke yako ukifanya kazi, na mimi ndiye niliyekuwepo. "Anza na kile kisicho na gharama." Tukaanza na soketi: nikachomeka taa, ikawaka. Waya: Theresia akatumia ule wa kioo badala yake, mlio ule ule. Feni inazunguka, maana yake umeme unafika. Halafu kunusa. Nikaingiza pua ndani kabisa. Harufu ya kuungua hakuna. Vikopo vyote vichwa bapa, kama vifuniko vya soda mpya. Nikamwambia Theresia, "Huyu mama yuko hai. Yule kijana ni mwongo au mvivu."

Ndipo nikamulika feni kubwa, ile ya katikati inayopuliza ule moyo wenye mabati. Siyo moyo, najua, ulinisahihisha, ni ubongo. Kwangu ni moyo.

Ilikuwa imejaa sufu ya bluu.

Nikaivuta kwa kucha. Ikatoka kama manyoya ya kondoo, imechanganyika na vumbi jekundu na masizi ya wapishi wa msiba. Sufu ya blanketi langu. Theresia aliiona. Akanipa karatasi ya kuiwekea. Mashine yako ilikuwa inapumua, Marselina, na mimi nikaifunga pua na mdomo kwa heshima zangu, nikaifunga na kamba, nikakaa kando yake siku tatu nikikulilia. Ikahimili mpaka ikashindwa, ikajizima isiungue. Ina akili kuliko wewe na mimi.

Nilipiga meza. Theresia ataandika hilo pia. Nilipiga meza mpaka bisibisi ikaanguka, na nikatukana, kwa Kiiraqw, kwa hiyo Mungu alisikia lakini jirani yetu Mmasai hakuelewa.

Boay akatokea mlangoni kwa hizo kelele. Akaona sufu kwenye karatasi, akaona blanketi langu la bluu kwenye kiti. Mwanangu siyo mjinga. Akatoka. Nikadhani amekwenda kwa ng'ombe. Akarudi na pampu ya baiskeli. Alipita ile kona, Marselina, alipita kwa miguu yake. Akapuliza, mimi nikishikilia feni kwa unyoya isizunguke, kama ulivyokuwa ukifanya. Vumbi lilijaa nyumba nzima, tukakohoa wote watatu kama mbuzi.

Tukaiwasha. Haikuzimika. Lakini kilio kile kile, mlio mrefu, unanyamaza, mlio mrefu.

Baba yako akasema, "Basi, tumejaribu." Nikasema, "Huo mlio ni ram." Akanitazama. "Ndiyo, ni ram! Mrefu wa kurudia ni ram. Ilitikisika kwenye bodaboda." Uliwahi kuniambia kila mashine ina kilio chake, ya mtu mwingine inaweza kuwa tofauti, ila yako niliisikia ikilia hivyo mara mbili, na mara zote ulifika kwenye vile vibao viwili vyenye meno ya dhahabu.

Nikazima, nikachomoa waya, nikashika chuma. Nikabana yale masikio mawili ya kando, vibao vikaruka. Nikavisugua meno kwa ufutio, taratibu, upande mmoja, bila kwenda na kurudi. Halafu lile neno lako lingine, "Kimoja kimoja, Bibi, ukitoa vyote pamoja hutajua nani mwenye kosa." Nikarudisha kibao cha kwanza peke yake. Ikalia. Nikakitoa. Nikaweka cha pili, nikakandamiza mpaka kikasema ka.

Kimya.

Kioo kikawaka.

Mama yako akashika kichwa. Boay akakaa chini, kwenye sakafu, mwanamume mzima.

Kile cha kwanza nimekijaribu mara tatu tena, kwenye tundu lake na kwenye la mwenzake. Kimekufa kweli. Hicho sikatai. Kilichokufa nakubali kimekufa, lakini nikionyeshwa. Sasa inakwenda na kibao kimoja, polepole, unabonyeza kitu unaweza kwenda kuteka maji ukarudi. Na sisi tunakwenda hivyo hivyo.

Theresia akatafuta. Alifungua barua za vikundi, alifungua nyimbo za kwaya, alifungua picha yako ukiwa hotelini na sare, tukakaa hapo kidogo. Halafu akasema, "Mama, kuna inayoitwa Watu wa Bibi." Akaifungua.

Mistari saba. Mimi sisomi. Ila ulinifundisha herufi moja, unakumbuka, ulisema mtu asiende kaburini hajui hata moja. Milima miwili imesimama pamoja. "Hii ni yangu, Bibi, M, ukiiona popote ujue niko hapo." Basi kabla Theresia hajasoma niliiona, mstari wa tatu, mwanzoni kabisa. Milima miwili. Nikasema, "Marselina, mbona umejiandika hapo?" Theresia akasema, "Siyo Marselina, mama. Imeandikwa Matle."

Matle. Kwa Kiiraqw ni jina la asubuhi, kwa sababu alizaliwa asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka mlangoni, na mama yangu akaja na maziwa ya moto kwenye kibuyu, akasema itakuwa asubuhi ya baridi, mfunike. Yote yakarudi pamoja na jina. Kila siku nimeamka asubuhi, nimesema neno asubuhi kwa lugha yetu, na mwanangu alikuwa humo ndani yake nisimwone.

Nilimlilia siku hiyo. Miaka yote hiyo sikuwa nimemlilia, tulikuwa na palizi.

Sasa orodha ina mistari minane. Wa nane ni wewe. Mama yako alishindwa kuandika, akasema kidole kimekataa, kwa hiyo herufi ya kwanza nimebonyeza mimi na zilizobaki akabonyeza baba yako, akiulizia kila moja iko wapi.

Nimekaribia mwisho, na hapa nataka Theresia aandike bila kusimama.

Nimezimika mara mbili.

Andika.

Mara ya kwanza zizini, ng'ombe ndiye shahidi. Mara ya pili wiki iliyopita, kando ya jiko, nikaamka mwenyewe nikajipangusa jivu. Nilisema moyoni ni uzee. Nilisema ni njaa tu. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo na ilikuwa sauti yako, na ndipo hasira hii ilipoanza, usidhani imeanzia kwako peke yako. Labda na jina la Matle lilitoka kwa mlango huo huo. Sijui. Sijafunguliwa kava.

Mama yako ameacha kuandika. Ananitazama kama alivyokutazama wewe pale uani. Theresia, mwanangu, andika, nisikilize. Huyu niliyemtukana barua nzima ndiye aliyenifundisha, na mimi siwezi kumtukana halafu nifanye lile lile.

Kwa hiyo ahadi yangu ndiyo hii, mke mwenza. Jumatatu baba yako ananipeleka hospitali Karatu. Bado hajui, atajua tukimaliza. Nitavua sweta wakiniambia nivue. Nitawaambia nimezimika mara mbili, hapa na hapa, saa fulani, nitawaambia na jina lililopotea, sitaficha hata moja. Nitawaambia waanze na kile kisicho na gharama na waende kimoja kimoja. Na kijana yeyote atakayesema bibi huyu amekata moto kabla hajanisikiliza kifua, nitamuuliza kama amenusa.

Wewe lala. Mtunze Matle, ana sikio moja limekunjika, utamjua kwa hilo. Blanketi la bluu nimelifua, liko juani. Halitafunika tena kitu kinachopumua.

Hapa chini nimebonyeza mwenyewe.

M